Sahihi ya Perusi wa Chumba Namba Sita

Bweri, Musoma. Jumapili, mvua.

Leo sikwenda kanisani. Mvua imeanza alfajiri ikitokea ziwani, mabati yanapiga kelele mpaka redio haisikiki, lakini sitaki kuisingizia mvua. Nimekaa tu. Chai imepoa mara mbili. Mbele yangu kuna boksi lililokuwa la sabuni, ndani yake kuna magazeti ya chuo chetu, na juu yake nimeweka Biblia. Siisomi. Nimeiweka pale kwa sababu tangu Alhamisi sipendi lile boksi likae wazi.

Mtu mzima na mvi zangu, mwalimu mstaafu, naogopa boksi.

Nianze mwanzo, shajara, maana wachache wanaopita hapa mtandaoni kusoma hawajui habari za chuo. Kilikuwa chuo kidogo cha ualimu juu ya kilima, upande wa Bunda. Ukisimama nyuma ya bwalo unaona ziwa kwa mbali, linang'aa kama bati jipya. Jina lake sitalitaja. Tulikuwa na gazeti letu la wanafunzi, tukaliita Kengele, kurasa nne, tunalichapa wenyewe kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mimi nilikuwa mhariri wake katika ile miaka ya shida, miaka ya foleni na unga wa njano, wakati duka la ushirika lilikuwa na rafu ndefu na juu ya rafu hakuna kitu ila majani ya chai na viberiti vilivyoingia unyevu.

Karatasi nayo ilikuwa ya kuombea. Tulichapa nakala tatu tu kwa kila toleo, mbili za wavulana na moja ya wasichana, na hiyo moja ilipaswa kuzunguka chumba hadi chumba. Mwanzoni haikuzunguka. Ilifika chumba cha pili ikaishia kufungia karanga. Wavulana ndio usiseme, wao waliivuta, yaani waliisokotea tumbaku wakavuta habari zangu zote pamoja na tahariri.

Nikatunga sheria. Nyuma ya kila nakala nikabana orodha ya majina, chumba kwa chumba. Ukisoma unatia sahihi mbele ya jina lako, na ukipenda unaandika neno la maoni. Gazeti haliendi chumba kingine mpaka wote wa chumba hiki wawe wametia sahihi. Mtu akiwa mgonjwa au amekwenda kwao, anasainiwa na mwenzake wa kitanda cha jirani. Sheria ile ilishika kuliko sheria za mkuu wa chuo, kwa sababu chumba kinachofuata kilikuwa tayari kimesimama mlangoni kinadai zamu yake.

Mimi nililala chumba namba sita. Kitanda cha jirani kilikuwa cha Perusi Masatu, msichana wa Murangi.

Perusi alikuwa mrefu, mweusi, mcheshi wa kimyakimya. Kila likizo ikiisha alirudi na bakuli la enameli lililofungwa kwa kitenge, limejaa furu wakavu, wale samaki wadogo, na chumba kizima kilinuka ziwa kwa wiki mbili. Herufi P ya jina lake aliiandika kwa namna yake, mguu wa P unashuka, unapinda, unarudi chini ya jina lote kama ndoana. Yeye ndiye aliyesoma Kengele kabla ya mtu yeyote, nikiwa bado naandika kwa mkono. Nikitia chumvi aliweka kidole pale pale na kusema, "Rebeka, siyo kweli hii." Nilimkasirikia, kisha nilifuta. Katika chuo kizima hakuna mwingine aliyeniambia hivyo.

Likizo moja ikaisha, Perusi hakurudi.

Wiki ya kwanza hatukujali. Dizeli hakuna, mabasi yamelala, wanafunzi walikuwa wanafika mmoja mmoja kwa malori ya pamba na kwa miguu. Wiki ya pili, ya tatu. Wiki ya nne likaja lori la unga kutoka Musoma, nikatumwa kuhesabu magunia. Dereva akawa anasimulia habari za njiani, akasema huko Murangi mtumbwi umepinduka, binti wa Mzee Masatu amezama. Nikamuuliza, yule anayesomea ualimu? Akajikuna shingo. Akasema, "Huyo huyo, nadhani."

Neno hilo la mwisho sikuliandika.

Hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli, maana kama siusemi kwenye shajara yangu nitausemea wapi. Nilikuwa na stensili moja tu iliyobaki, ile karatasi ya nta ya kuchapia. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na nafasi wazi, robo nzima, na nilikuwa nimekosa cha kuweka. Nililia, ndiyo. Nililia kweli, machozi yakaangukia meza. Lakini huku nalia nilikuwa nachagua maneno. Nikaandika tanzia ya Perusi mchana ule ule, sikusubiri barua, sikumwomba mtu yeyote aende Murangi kuuliza. Niliandika kwamba ziwa limemchukua mwalimu kabla hajashika chaki. Mkuu wa chuo akaisoma mstarini asubuhi, wasichana wakaanguka, wavulana wakatazama chini. Kuanzia siku hiyo watu walinijua. Nikipita walisema, yule ndiye aliyeandika ile. Kwenye orodha ya wasomaji, mbele ya jina la Perusi, nilichora msalaba mdogo kwa wino. Barua ya rambirambi ikatumwa kwao, kitanda chake akapewa msichana wa Mugeta.

Wiki mbili baadaye nilimwona.

Ilikuwa Jumatano, siku ya shamba. Wanafunzi na walimu wote wako chini kwenye pamba, ofisi imefungwa, mimi nimeachwa nichape toleo jipya. Mchana wa saa saba, manyunyu. Nazungusha mashine, nikainua macho, dirishani amesimama Perusi. Gauni lake la bluu limelowa limemganda. Kichwani bakuli la enameli limefungwa kitenge. Viatu ameshika mkononi. Amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa. Nikaona midomo yake inasema jina langu, sauti sikuisikia kwa kelele ya mashine.

Nikavuta dirisha. Lilikuwa la mbao, lenye komeo la chuma. Nikakomea, nikaingia chini ya meza na mikono yangu yenye wino, nikasali Baba Yetu bila kufika mwisho, narudia narudia, mpaka kengele ya jioni. Nilipotoka hapakuwa na mtu. Barazani kulikuwa na nyayo za maji, zinakuja mpaka dirishani, halafu zinakwenda mabwenini.

Mpaka namaliza chuo sikumwambia mtu. Baada ya hapo nilimwambia kila mtu. Wanangu wamekua na hadithi ya mzimu wa Perusi, na sasa ni wajukuu. Kila Krismasi wananizunguka: Bibi, ile ya dirisha. Najua mahali pa kushusha sauti. Najua mahali pa kunyamaza mpaka yule mdogo ajifiche kwa mama yake. Nimeisimulia vizuri, nayo imenilisha sifa kama ilivyonilisha ile tanzia.

Basi mwezi uliopita akanipigia Mwalimu Magesa, mwenyekiti wa umoja wetu wa waliosoma pale. Yeye ni mdogo kwangu, alisoma miaka ya ruksa, maduka yalipojaa tena. Kutakuwa na mkutano wa wahitimu, chuo sasa ni sekondari, stoo wamekuta boksi la Kengele, basi dada Rebeka ndiye mhariri wa zamani, achague kurasa za kubandika ukutani, maisha ya chuo kuanzia enzi hizo mpaka gazeti lilipokufa. Boksi likaja na basi, nikalipokea stendi.

Alhamisi nikaanza kusoma. Nilicheka peke yangu kwanza. Zile za kwetu na za waliotufuata zote ni njaa: wanafunzi waomba sabuni, uji hauna sukari kwa mwezi wa pili, kijana mmoja wa Butiama amegundua dawa ya meno ya majivu. Halafu miaka inasogea na karatasi inakuwa nyeupe zaidi. Mitumba imefika Bunda, msichana wa mwaka wa kwanza amevaa koti la baridi darasani saa sita mchana akakataa kulivua. Disko bwaloni. Soda ipo. Tangazo la kijana anayepiga picha za rangi. Halafu wanaanza kulalamika kuchangia gharama, ada, wenzao wawili wamerudishwa nyumbani. Mwanafunzi mmoja kaacha chuo kwenda kiwanda cha minofu Musoma, anaandikia wenzake barua, anawaambia sangara wanasafiri kwa ndege na yeye bado anatembea kwa miguu. Vijana wale walikuwa na maneno.

Kisha nikageuza nyuma, kwenye orodha.

Sheria yangu ilikuwa bado inafanya kazi, miaka na miaka baada ya mimi kuondoka. Chumba namba moja, namba mbili, majina na sahihi. Chumba namba sita, majina saba nisiyoyajua, na la nane: Perusi Masatu. Mbele yake sahihi.

Nikachukua toleo jingine, la mbele yake, tena lingine. Majina saba yanabadilika kila baada ya miaka miwili, la nane halibadiliki. Perusi Masatu, amesoma. Perusi Masatu, amesoma. Mwandiko tofauti, lakini kila mmoja amejitahidi ile P, ile ndoana, mwingine kaipinda sana, mwingine kaiacha fupi. Na maoni yapo. Kwenye toleo la uji usio na sukari, Perusi kaandika: "Huku sukari ipo." Kwenye toleo la mitumba: "Niachieni sweta moja, huku chini baridi." Kwenye lile la ada: "Mimi nililipa yote."

Nilisimama nikafunga mlango wa nyuma, saa nne asubuhi, jua linawaka.

Ijumaa nikampigia Magesa. Sikumwambia lolote, niliuliza tu kama anamkumbuka mtu anaitwa Perusi.

"Aa, Perusi!" akacheka. "Huyo alikuwaga wa chumba namba sita, bwenini kwa kina dada. Kwani alikuwaga mtu kweli? Sisi tulijua wametunga."

Akanieleza. Mwanzo, mimi nilipokwisha kuondoka, wasichana wa chumba chetu walimsainia kwa sababu jina lake lilikuwa bado kwenye orodha, stensili mpya ya kulitoa hakuna, na gazeti haliwezi kutoka mpaka wote nane wametia sahihi. Basi aliyelala kitanda chake akamsainia. Ikawa hivyo. Mwaka mmoja mhariri mpya akalifuta jina, na mashine ikagoma mwezi mzima. Wakalirudisha. Tangu hapo kila anayepewa kitanda kile anafundishwa kwanza ile sahihi, kisha ndipo anaonyeshwa bafu liko wapi.

"Dada Rebeka, ile tanzia ya kwanza si unayo?" akasema. "Hiyo ndiyo tuiweke mbele kabisa, mlangoni. Watu watalia."

Nikasema nitaitafuta. Nilikuwa sijaiona. Nilidhani imepotea, na nilifurahi imepotea.

Ilikuwa chini kabisa ya boksi, imegandana na toleo jingine kwa mafuta ya wino. Nikazitenganisha kwa kisu cha mkate, taratibu. Upande wa mbele, tanzia yangu, maneno yale yale mazuri. Upande wa nyuma, orodha ya chumba namba sita. Sahihi yangu. Sahihi za wenzangu. Jina la Perusi na msalaba niliouchora. Na pembeni ya msalaba, kwa penseli, P yenye mkia unaoshuka, unapinda, unarudi chini ya jina lote bila kusitasita, kama mtu anayeandika jina lake mwenyewe.

Kwenye maoni yameandikwa hivi: "Nimesoma. Siyo kweli. Rebeka, fungua dirisha."

Sikumwambia mtu habari ya dirisha mpaka nilipokuwa nimeshaondoka chuoni. Na gazeti likishazunguka lilitundikwa kwenye msumari wa mlango wa chumba namba sita, halafu linatupwa stooni. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kugeuza nyuma tena, ila yule ambaye nyayo zake zilikwenda mabwenini.

Nitaandika jinsi nilivyohisi, ingawa najionea aibu. Nilitamani awe mzimu. Nilikaa kwenye kigoda jikoni nikamwomba Mungu awe mzimu, kwamba mizimu inaweza kushika penseli. Kwa sababu kama hakuwa mzimu, basi alikuwa msichana aliyetembea kutoka Murangi kwenye mvua, akafika chuoni na njaa yake, akakuta ofisi imefungwa na wote wako shamba, mtu mmoja tu yupo, rafiki yake. Na huyo rafiki yake alimtazama usoni akamfungia.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi ya jana nikachukua karatasi safi nikaandika kichwa: Masahihisho. Chini yake nikaandika kwamba Kengele ilichapisha tanzia ya Perusi Masatu bila kuuliza, kwamba hakuwa amekufa, kwamba alirudi, na mhariri alimwona akamkomea dirisha. Nikaweka jina langu lote. Chini nikapiga mistari, jina, sahihi, maoni, kama zamani. Jina moja tu, la Perusi. Nikaitia kwenye bahasha pamoja na penseli, hata sijui kwa nini. Halafu nikaenda stendi, nikapanda gari la Majita, linalopita Murangi.

Murangi imebadilika, lakini harufu ni ile ile ya bakuli la enameli. Nikawauliza wanawake wanaoanika dagaa kwa Mzee Masatu ni wapi. Wakanitazama, kisha wakamtazama mmoja wao, mwanamke wa makamo mwenye kanga kiunoni. Akapangusa mikono.

"Shikamoo mama. Masatu ni babu yangu, alishafarikiga zamani. Mimi Sabina. Unatoka wapi?"

Nikamwambia natoka Musoma, nimesoma chuo kimoja na Perusi. Uso wake haukubadilika, ila aliacha kunitazama machoni.

Tulienda naye polepole, njiani akanisimulia bila mimi kumwuliza sana. Aliyezama ni mama yake, dada mkubwa wa Perusi. Yeye Sabina alikuwa bado ananyonya. Perusi alichelewa kurudi chuo kwa sababu alikuwa anamzika dada yake na kumlea mtoto. Alipokwenda, alirudi siku ya tatu na bakuli lake halijafunguliwa, akaliweka chini mlangoni. Barua ya rambirambi ilikuwa imefika kabla yake.

"Mama mdogo alikuwaga anasema, chuoni mimi ni marehemu," Sabina akasema. "Sisi watoto tulikuwaga tunacheka. Tukimwambia rudi ukasome, anasema wameshanilia, nitawarudishiaje machozi yao? Ndiyo akanilea mimi. Hakuwahi kwenda tena shule yoyote, hata kikao cha wazazi alinitumagia mjomba."

Nilikuwa nashindwa kupumua vizuri, nikamwambia ni mlima.

Nyumba ni ya matofali, ndogo, imefagiwa. Dirisha la mbele lilikuwa wazi, la mbao, limepakwa rangi ya kijani. Sabina akaingia, mimi nikabaki uani. Manyunyu yakaanza, haki ya Mungu sitii chumvi, yakaanza pale pale. Kuku wakakimbilia chini ya ghala. Nikasikia Sabina anasema ndani kwa lugha ya kwao, nikasikia jina langu.

Akaja dirishani.

Mwanamke mzee kama mimi, kitambaa cheupe kichwani, macho makubwa yale yale. Alinitazama. Hakushtuka, hakukasirika, alinitazama kama mtu anayetazama mvua aone itaisha lini. Nikasema, "Perusi." Sijui kama sauti ilitoka. Mkono wake ukanyanyuka, ukashika ubao, dirisha likavutwa likafungwa. Kisha nikasikia komeo.

Sauti ile naijua. Kwa miaka yote hii niliisikia kutoka ndani tu.

Sabina akatoka amejifunika kanga, aibu imemjaa. "Mama, unisamehe. Nimemwambia ni wewe. Anasema hakuna mtu nje."

Nikajitazama mikono. Shajara, nilijitazama mikono kweli, kuhakikisha ipo.

Sabina akanivuta niingie barazani nisilowe, nikakataa. Niliona si haki yangu kukwepa mvua hiyo. Nikaenda mlangoni, nikachuchumaa, magoti yakalia, nikaiingiza ile karatasi chini ya mlango, na penseli nikaivingirisha ipite. Kisha nikarudi pale pale mbele ya dirisha nikasimama.

Nimesimama muda gani sijui. Gauni likaniganda. Sabina alikaa kwenye kizingiti cha jiko ananitazama kama unavyomtazama mgonjwa. Ndani hapakuwa na sauti, si ya kutembea wala ya kiti. Nilianza kuogopa kwamba nilichokiona dirishani sikukiona, kwamba Sabina naye sikumwona, kwamba nimekuja kwenye nyumba tupu nikaongea na kuku. Halafu mtu akakohoa, kikohozi cha kawaida cha mafua, nikamshukuru Mungu kwa kikohozi.

Karatasi ikatoka chini ya mlango. Ilitoka kidogo, ikasimama, ikatoka yote. Penseli haikurudi.

Nikaiokota. Mbele ya jina lake kulikuwa na P, mguu wake unashuka, unapinda, unarudi chini ya jina lote. Mkono unatetemeka siku hizi, ndoana imekuwa na mawimbi, lakini hakuna msichana wa chumba namba sita aliyewahi kuipata vile, hata mmoja, miaka yote ile. Kwenye maoni alikuwa ameandika:

"Nimesoma. Ni kweli. Sasa peleka chumba kingine."

Dirisha halikufunguliwa. Nilisubiri mpaka Sabina akaniambia gari la mwisho linaondoka.

Basi ndiyo hayo. Mvua bado inanyesha na Biblia bado iko juu ya boksi, lakini nadhani nitaitoa. Kesho asubuhi nampelekea Magesa ile karatasi ya jana, iwekwe mlangoni kabisa kama alivyotaka, na tanzia ibandikwe chini yake ili watu waone aliyeiandika ni nani. Watu watalia au hawatalia, hiyo si kazi yangu tena. Na wajukuu wakiniuliza Krismasi habari ya dirisha, nitawasimulia, ila safari hii nitawaambia mzimu alikuwa upande gani.

Jumatano narudi Murangi. Sibebi karatasi. Nitasimama pale nje, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka aone kwamba kuna mtu.